Taa-penya na Barua ya Posa

Katoni ya dawa ilipita chini ya taa-penya ikiwa imefungwa kwa gundi na utepe, na kwenye kioo vikaonekana vidonge elfu mbili, kila kimoja na umbo lake. Kimoja kilikuwa na ufa. Wafanyakazi wa kiwanda kile cha Tanga walipiga makofi, na Mhina Semkiwa, mhandisi aliyeiunda taa hiyo, akajifanya hakusikia.

Siri ya taa ilikuwa dayodi ndogo mno, ambazo maelfu yake yangepangwa kwenye upana wa unywele mmoja na nafasi ikabaki. Ndani yake umeme ulitikisika mara trilioni kwa sekunde na kutoa mawimbi ya terahezi, yanayokaa kati ya yale ya redio na yale ya mwanga. Mawimbi hayo hupenya karatasi, nguo na plasta bila kumdhuru mtu. Mwaka huo wa 2081 karibu kila kiwanda mjini kilikuwa na taa-penya, na Mhina alitembea na yake ndogo mfukoni, kama fundi seremala na futi yake.

Lakini mwezi huo hakuwa na habari na vidonge. Alimtaka Mwantumu, mtaalamu wa wino katika kiwanda cha kuchapa vitabu. Barua ya posa ilikwisha kupelekwa, na Alhamisi mshenga, Mzee Hozza, alirudi na jibu ndani ya bahasha iliyofungwa. Kwa desturi lingefunguliwa Jumapili, wazee wakishakaa. Mama yake Mhina akaiweka juu ya kabati la vyombo.

Siku tatu! Mtu aliyezoea kuona ndani ya kila kitu kwa kufumba na kufumbua, leo aambiwe asubiri siku tatu! Ijumaa alijikaza. Jumamosi asubuhi, mama alipokwenda sokoni, alisogea kabatini na taa yake. Hakuigusa bahasha, na hilo alilihesabu kuwa ni uungwana.

Karatasi ilionekana vizuri, mikunjo yake yote. Haikuwa na hata herufi moja.

Mhina aliizima taa. Kukataliwa ni kitu kimoja. Kunyimwa hata neno la kukataliwa kulimuuma hadi chakula kikamshinda.

Jumapili wazee walijaa sebuleni. Mzee Hozza alipoinua bahasha, Mhina hakuweza tena kuvumilia.

"Wazee wangu, nawaomba msiifungue. Hamna kitu humo. Kama nimewakosea wakwe, nitakwenda kuomba radhi mwenyewe."

Mzee Hozza alimtazama juu ya miwani. "Hamna kitu? Umejuaje, mwanangu?"

Akaichana bahasha. Karatasi ilijaa mwandiko wa kijani, safi kabisa. Mhina aliijua mara moja kazi ya Mwantumu: wino uliochanganywa upitishe mawimbi sawasawa na karatasi yenyewe, macho yauone na taa isiuone. Mzee akasoma kwa sauti:

"Posa tumeipokea. Binti yetu ameridhia, kwa sharti moja alilolitaka mwenyewe: kijana wenu awe ameweza kusubiri hadi barua hii ifunguliwe. Anasema hawezi kuishi na mtu asiyeweza kukiacha kilichofungwa kikae kimefungwa."

Mjomba mmoja akaangua kicheko, wengine wakafuata. Mama akajifunika uso kwa kanga. Mhina alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Haya, bwana harusi," alisema Mzee Hozza. "Nirudi na neno gani?"

Angeweza kusema alikuwa anabahatisha tu, na nusu ya wazee wale wangemwamini. Lakini kumpata Mwantumu kwa uongo lilikuwa jambo la kumtisha kuliko kumkosa.

"Waambie kweli, mzee. Sikuweza. Mwambie nimeona aibu, na bado namtaka."

Mzee Hozza akavaa kofia yake. "Nitasema hivyo hivyo. Ila safari hii sitakuja na bahasha. Jibu nitalileta mdomoni."

Akaondoka zake, taratibu, bila haraka yoyote. Mhina akakaa barazani, macho njiani, akaanza kusubiri kama walivyosubiri wachumba wote wa Tanga kabla yake.