Dirisha Nyeusi Kwenye Ekrani ya Gaspard

Simu ililia mara moja, ikakatika. Ikalia mara mbili, ikakatika.

Djibril aliacha sambusa nusu kwenye sahani akatoka. Ishara hiyo maana yake moja: piga sasa hivi, usisalimie.

Pembeni ya soko la Jabe akachomoa Nokia 3310, laini isiyo na jina, akapiga.

"Sema."

"Mashine ya Gaspard wanaibadilisha leo." Ilikuwa sauti ya Sylvère, chef wake kwenye ujasusi, mutu asiyecheka hata kwenye harusi. "Tekinisia ameingia saa tatu na nusu na CD. Wanatoa Windows 98, wanaweka XP."

"Na Léocadie?"

"Yuko ndani. Weye usihangaike na yeye. Windows mupya inafagia yote. Ile kaprogramu yetu ya kukopi faili itakufa yenyewe, hakuna atakayeiona. Kaa karibu na bandari. Bombe zinatoka leo, na hatujui kwa lori gani."

"Nani amekuambia inafagia?"

"Kila mutu anajua."

Ikakatika.

Kila mutu anajua. Djibril aliyachukia hayo maneno. Tangu vita ianze, miaka kumi sasa, amezika watu wengi kwa sababu ya kitu ambacho kila mutu alikijua.

Akapiga teke pikipiki yake, Yamaha DT. Ikawaka. Bastola, Makarov, ilikuwa chini ya koti, inamuchoma mbavu.

Gaspard alikuwa na agence ya transit, ya kutoa mizigo ya watu, karibu na bandari. Kwa karatasi, saruji na sukari. Kwa kweli, bombe za mortier, zile za kurushwa kutoka mbali, zinavuka kutoka ng'ambo ya ziwa. Alimuuzia yeyote, wa huku na wa kule, hakuchagua. Lori moja ikitoka kwake leo, wiki ijayo kuna mtaa unachimba makaburi. Na huyo bwana alikuwa na ugonjwa wa kuandika: lori, namba ya plaque, saa, nyumba, yote ndani ya kompyuta.

Ndipo Léocadie akaingia. Secrétaire wa Gaspard. Djibril ndiye alimubembeleza: siku kumi tu, dada, kisha unatoka. Sasa ni mwezi wa nne.

Kila asubuhi saa moja na nusu alifika wa kwanza, akatia disketi, akawasha mashine. Dirisha nyeusi ikafunguka, majina ya faili yakakimbia kwenda kwenye disketi, yeye akaifunga; disketi ilibaki ndani mpaka jioni, atoke nayo. Gaspard alifika saa mbili. Hakuna aliyeona kitu.

Lakini leo mashine itazimwa na kuwashwa Gaspard mwenyewe amesimama nyuma yake.

Ikifa ile kaprogramu, Léocadie anaishi.

Ikibaki, anakufa.

Chabani, aliyeitengeneza, alikuwa mtaani Buyenzi, nyuma ya garage ya baba yake mudogo, katikati ya gearbox tatu na kompyuta mbili zilizopasuliwa.

"Chabani! Wakiweka XP juu ya 98, ile kaprogramu inakufa?"

"Salamu aleikum kwanza, weye. Umelelewa wapi?"

"Inakufa ama haikufi?"

Chabani akafuta mikono kwenye suruali. "Inategemea. Wakifuta disk yote, inakufa. Lakini nani hapa Buja anafuta disk yote? Wanapandisha XP juu ya ile ya zamani, faili zinabaki. Sasa, mi nilitia amri kwenye AUTOEXEC, ile faili 98 inasoma ikiwaka. XP ile hata haiiangalii. Imekufa."

Djibril akapumua.

"Ile ya kwanza," Chabani akasema.

"Ya kwanza vipi?"

"Nilitia mbili. Moja AUTOEXEC, moja Démarrage, ile folda ya vitu vinavyojifungua vyenyewe. Sha, hii ni Buyenzi! Mpira wa radiateur tunaufunga na waya mbili. Vipuri vyote vya uongo, moja ikiachia, ya pili inashika. Na hii nikafanya vile vile."

"Na ya pili?"

Chabani aliacha kucheka. Akaangalia sura ya Djibril, akaelewa.

"Wallahi... Ya pili itabaki. XP inaibeba kama ilivyo. Ekrani ikishawaka tu, dirisha inafunguka."

Djibril alikuwa tayari barabarani.

Kisikizio sikioni, mkono mmoja kwenye usukani. Akapiga.

"Agence, bonjour." Léocadie. Sauti laini, ya kazi.

"Mi niko njiani. Toka humo."

"Haiwezekani, monsieur. Patron amefunga mlango wa nje mpaka malori yafike kwa mnunuzi."

"Futa ile kitu."

"Tekinisia amekalia kiti changu. Mashine inaandika imebaki dakika thelathini na tisa. Imeandika vile tangu zamani."

Nyuma yake tekinisia akacheka. "Hizo dakika ni kama za serikali, dada!"

Kisha Léocadie akauliza, polepole sana:

"Muzigo wangu, monsieur... unakuja?"

Djibril angeweza kumudanganya. Alishamudanganya mara moja, siku kumi.

"Unakuja."

"Sawa. Basi usikate. Nakuacha kwenye laini."

Akasikia droo ikifunguka. Aliiweka simu ya mkononi humo, wazi, bila kuikata.

Saa tano kasorobo alifika. Ukuta, portail, lango la chuma, mulinzi mumoja na Kalashnikov magotini, anachokonoa meno. Djibril alimupiga na kitako cha Makarov nyuma ya sikio. Akaanguka bila neno. Compteur ya umeme ilikuwa nje, kwenye ukuta. Djibril akang'oa fuse zote.

Ndani, ventilateur ya dari ikaacha kuzunguka.

Mashine ikifa katikati ya kazi, hawataiwasha leo tena. Léocadie atakwenda nyumbani. Kesho atakuwa ng'ambo ya mupaka.

Sikioni, kitu kikalia.

Piiip. Piiip.

"Umeme wa Buja!" Gaspard akacheka. "Lakini mi si mutoto. Nina onduleur, betri ya kompyuta, imetoka Dubai. Nusu saa inavumilia. Endelea, kijana."

Djibril akakamata juu ya ukuta. Vipande vya chupa vikaingia kwenye viganja. Akajivuta.

Sikioni, muziki. Laini, wa kifahari, kama wa kanisa la matajiri.

XP imewaka.

"Umeona, patron?" tekinisia akasema. "Nzuri, hein? Ngoja ifu... Eh."

"Hii ni nini?" Gaspard.

"Sijui, patron. Si yangu. Inafungua... inakopi. Inapeleka malori yako kwenye disketi."

"Disketi gani?"

"Iko humu ndani."

Djibril alianguka upande wa pili, akatua kwenye goti. Mita arobaini za uwanja. Akakimbia.

Kisha akamusikia Léocadie. Sauti ileile ya kazi, kama anasomea mteja barua. Alikuwa anasoma jina la faili kwenye ekrani, jina ambalo Gaspard mwenyewe aliandika asubuhi ile.

"Benz nyeupe, D 4471. Caisse themanini. Kibenga, portail ya bluu kando ya ziwa. Saa tano na robo."

"Unamusomea nani wewe?" Gaspard.

"Benz nyeupe, D 4471..."

Risasi.

Djibril alikuwa amebakiza hatua sita.

Akapiga mlango teke. Gaspard aligeuka, mukubwa, jasho kwenye shati, bastola bado inatoa moshi. Djibril akapiga mbili kifuani. Gaspard akakaa chini taratibu, kama mutu aliyechoka.

Tekinisia alikuwa chini ya meza. "Mana yanje, Mungu wangu, mi naweka Windows tu!"

"Toka."

Akatoka kwa miguu minne, akitambaa.

Léocadie alilala kando ya droo. Djibril aligusa shingo yake. Akangoja. Akangoja tena.

Hakuna kitu.

Akapiga simu. "Benz nyeupe, D 4471. Kibenga, portail ya bluu. Saa tano na robo."

"Reçu, nimepata," Sylvère akasema.

Kwenye ekrani dirisha nyeusi ilikuwa bado inangoja. Chini imeandika: Appuyez sur une touche pour continuer, bonyeza kitufe uendelee. Djibril akachomoa disketi. Akagusa kitufe kimoja, kikabaki na damu ya kiganja chake. Dirisha ikajifunga.

Nyuma yake, kwenye ekrani, kulikuwa na picha ya kilima kijani, mbingu bluu. Hakuna askari, hakuna nyumba iliyochomwa. Hakuna mutu hata mumoja.

Onduleur ilikuwa bado inalia. Akaipiga teke. Kilima kikazimika.

Simu ikalia akiwa barabarani.

"Tumeishika," Sylvère akasema. "Bombe zote, caisse themanini. Kazi safi. Na yule dada?"

"Amekufa."

"Pole." Alisema vile mutu anavyosema pole kwa aliyejikwaa. "Sikia. Kuna agence ingine, Quartier Asiatique. Ni mizigo ileile, tajiri mwingine. Nao wameshaweka XP. Tafuta secrétaire wao, anza kuongea naye kesho." Akakohoa. "Ile kaprogramu ya Chabani inafanya kazi kwa XP?"

Huko milimani bombe ikalia. Muuza ndizi mbele yake hakugeuza hata kichwa.

"Inafanya kazi, chef," Djibril akasema.

Akavaa miwani yake nyeusi, akavuka barabara bila haraka.