Meno ya Ukuta wa Kiungwi

Enzi zile mji wa Ungamo ulipokuwa ukiuza ufuta na pembe hadi Bara Hindi, na mabwana zake wakijifunga vilemba vya hariri hata kwa kwenda kununua bizari, tajiri wa kweli hakukaa mjini. Alikaa shamba. Na katika mashamba yote ya ng'ambo ya mji, hakuna lililokuwa na nyumba ya kulinganishwa na ile ya Kiungwi, mali ya Mwana Zainu binti Mahadhi.

Ilikuwa nyumba ya mawe ya matumbawe, yaliyochongwa kwa shoka yangali mabichi. Kuta zake zilikuwa nene, mtu angeweza kulala juu yake na kujigeuza. Vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, kwa sababu upana wa chumba huamuliwa na boriti za mkoko zinazobeba dari, na mkoko haurefuki ili kumpendeza tajiri. Ukiingia ulipita daka, ukumbi wa mlangoni wenye mabaraza, ukavuka kiwanja cha ndani kilicho wazi kwa jua, hadi chumba cha mwisho cha mama mwenye nyumba, ambako sahani za Uchina zilipangwa katika vishubaka vya ukutani.

Nyumba kama hizo zilirithiwa na wanawake. Mwanamume alijenga, akapaka chokaa, kisha akaishi humo kama mgeni mwenye adabu. Na binti alipozaliwa, mwashi aliitwa achomoze mawe katika pembe ya ukuta wa nje, moja juu ya jingine toka chini hadi juu, ili siku ya ndoa yake chumba kipya kishikane na nyumba ya mamaye. Mawe hayo waliyaita meno. Hapana mkono wa mwanamume ulioyagusa ila kwa neno la mwenye nyumba.

Meno ya Kiungwi yalikuwa ya Batuli, mtoto wa pekee wa Mwana Zainu. Chokaa ya chumba chake cha harusi ilikuwa imekwisha kuchomwa, ikalazwa shimoni chini ya makuti. Ndipo ndui ikaja, ikamchukua Batuli kabla ya masika.

Mwana Zainu hakulia. Waliokuja matangani walirudi wakinong'ona kwamba ana moyo wa jiwe, na walimsingizia. Hakusikia kitu, basi. Chakula hakikuwa na ladha. Siku moja uji wa moto ulimmwagikia kidoleni, akabaki kuutazama hadi mjakazi alipopiga kelele.

Hali hiyo ndiyo aliyomkuta nayo nduguye, Bwana Shekuwe, jemadari wa Ungamo, alipofika na watu wake wa mikuki na ngao za ngozi ya kifaru. Watu wa Kirimani, maadui wa mji, walikuwa njiani kuja kushambulia. Mtama wa mji mzima ulikuwa ghalani Kiungwi, na aliyeishika Kiungwi alikuwa ameishika Ungamo kooni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Kesho watakuwa hapa. Mlango utahimili, na kuta zitahimili. Lakini yale meno ni ngazi. Hata mzee wa bakora angeyapanda. Nipe ruhusa niyakate."

"Ni ya Batuli."

"Najua, dada."

"Ukiyakata, chumba chake kitashika wapi?"

Shekuwe alimsogelea. "Dada yangu, Batuli tumemzika. Mimi ndiye niliyeshuka kaburini kumpokea."

"Nimesema ni ya Batuli." Sauti yake haikupanda wala kushuka.

Jemadari mwingine angekata kwanza, akaomba radhi baadaye. Lakini Shekuwe alikuwa mtu wa Ungamo, na mtu wa Ungamo angevunja kiapo kabla ya kuvunja jiwe la nyumba ya mwanamke. Mila hiyo iliwafaa wakati wa amani. Alirundika miiba chini ya meno, akaweka shoka la mwashi ukingoni mwa paa, karibu na pale dada yake alipopenda kukaa.

"Basi pale juu ya meno nitasimama mimi," alisema.

Watu wa Kirimani walikuja asubuhi, jua likiwa usoni mwa walinzi. Walipiga mlango kwa gogo, mlango ukawacheka. Wakazunguka nyumba. Walipoyaona meno walishangilia kama walioandaliwa karamu, wakatupa ngozi za ng'ombe juu ya miiba, wakapanda.

Mwana Zainu alikuwa juu ya paa, ameketi, anatazama. Alimwona Shekuwe akimwangusha wa kwanza, na wa pili. Kisha mkuki ulirushwa toka chini, ukamwingia Shekuwe ubavuni. Aliketi taratibu, kama mtu aliyechoka. Kilemba chake kikafunguka.

Mkono mgeni ulishika ukingo wa paa.

Mwana Zainu aliliokota shoka. Aliupiga ule mkono, kisha akainama akapiga jino la juu kabisa. Shoka lilidunda, na maumivu yakampanda hadi begani. Yalimuuma! Alipiga tena, akilia kwa sauti, akiliita jina la mwanawe kila pigo. Mawe yakawaangukia waliokuwa chini. Alikata yote ambayo mkono wake uliyafikia, na waliobaki katikati ya ukuta wakakosa pa kushika. Kufikia adhuhuri watu wa Kirimani walikuwa wamekimbilia kwenye mashamba ya ufuta, wakiacha ngao zao.

"Umeyakata," Shekuwe alisema, kichwa chake mapajani mwa dada yake.

"Nimeyakata, mdogo wangu. Nimechelewa. Nisamehe."

"Ni haki yako."

Akakata roho. Ile chokaa ya harusi ilifunuliwa siku hiyo, wakajengea kaburi lake.

Malenga wa Ungamo waliimba kwamba Shekuwe ndiye aliyekata meno kwa upanga wake. Mwana Zainu alipoulizwa, alijibu, "Mwacheni awe na sifa hiyo. Mimi nilipaswa kuyakata jana yake."

Paa limekwisha kuporomoka, na sahani zilichukuliwa zamani. Pembe ile ya ukuta bado imesimama, na meno ya chini yako palepale. Watoto wa wachungaji huyapanda kwa mashindano. Wakifika nusu ya ukuta hupapasa juu kwa mkono, hawapati kitu, wakashuka.