Kizuizi Alichokitaja Asekenye

Kila Jumamosi asubuhi, Asekenye na rafiki yake Sandra walifagia kanisa la kigango chao huko Kwapa. Mmoja alianzia altareni, mwingine mlangoni, na aliyewahi kufika katikati alimcheka mwenzake. Asekenye alikuwa na miaka kumi na miwili, na kijiji kizima kilimjua kwa jambo moja: hasemi uongo. Mwalimu akiuliza ni nani aliyevunja kioo cha dirisha, macho ya darasa zima yalimgeukia yeye.

Jumamosi hiyo katekista Ofumbi alikuwa mbele akiwafundisha maharusi wawili, Olupot na Akello. Hao ndio waliomlea Asekenye baada ya wazazi wake kufariki. Olupot alikuwa mdogo wa marehemu baba yake, kwa hiyo aliwaita Baba mdogo na Mama mdogo. Walikuwa wameoana kimila miaka kumi na miwili iliyopita, ng'ombe wakatolewa, wazee wakala na kunywa. Sasa walitaka kuufunga muungano wao mbele ya altare.

"Padre atawauliza hivi," Ofumbi alisema huku akifungua kitabu. "Je, mko tayari kupokea kwa upendo watoto ambao Mungu atawajalia, na kuwalea katika imani?"

Ufagio ulimtoka Asekenye mkononi.

"Una nini wewe?" Sandra alinong'ona.

"Mama mdogo hawezi kuzaa. Nilimsikia akimwambia Baba mdogo. Daktari wa Tororo alimwambia waziwazi."

"Ala! Kwa hiyo atamdanganya Padre?"

Asekenye aliuokota ufagio. Alimpenda Mama mdogo kupita watu wote duniani. Angemwachaje aseme uongo altareni?

Kesho yake, Jumapili, tangazo la ndoa lilisomwa kwa mara ya tatu na ya mwisho. Siku hiyohiyo lilisomwa pia ng'ambo ya mpaka, Busia ya Kenya, alikozaliwa Akello. "Anayejua kizuizi chochote ana wajibu wa kusema," Ofumbi alitangaza. Neno hilo, wajibu, lilimchoma Asekenye kama mwiba.

Watu walipotoka nje, Sandra alimpiga kikumbo. "Si wewe ndiye msema kweli? Ama leo umeishiwa?"

Asekenye akaenda moja kwa moja hadi kwa katekista. "Mwalimu, kizuizi kipo," alisema, na sauti yake ikapanda kuliko alivyotaka. "Mama mdogo hazai."

Ua wote wa kanisa ulisikia. Akello alikuwa hatua tatu tu kutoka hapo, amekumbatia mfuko wa gauni jeupe alilolinunua Busia. Alimtazama Asekenye, akageuka, akashika njia ya nyumbani peke yake.

Lakini Tata Acom, nyanya yake Asekenye, alipiga makofi. "Mmesikia? Hata mtoto amesema! Mwanangu Olupot, kule Sikuda kuna binti anakungoja mwaka wa tatu sasa. Harusi hii imekwisha!"

Hapo ndipo Asekenye alipoona alichokifanya. Tata alikuwa akimsukuma Olupot aoe mke wa pili, na ndoa ya kanisani ingeufunga mlango huo kabisa. Sasa ni yeye, kwa mdomo wake mwenyewe, aliyeufungua. Alimkimbilia Mama mdogo, lakini alipofika nyumbani alikuta mlango umefungwa, na ndani kuna kilio cha chinichini. Alikaa kizingitini hadi jioni. Hakula.

Kizuizi kikishatajwa, lazima Padre akisikilize. Jumatatu alasiri Padre Ekaju alifika nyumbani kwa Olupot kwa pikipiki yake yenye matope hadi kwenye taa. Aliwakuta wazee wa ukoo wameketi kuzunguka chungu cha ajon, ile pombe ya ulezi, kila mmoja na mrija wake mrefu. Tata alikuwa katikati yao. Olupot alisimama kando, karibu na Akello.

"Nani aliyetaja kizuizi?" Padre aliuliza.

"Ni mimi, Padre." Asekenye alisogea mbele.

"Vizuri. Nisomee swali lenyewe." Akampa kitabu.

Asekenye alisoma.

"Swali hilo linauliza watazaa wangapi?"

"Hapana, Padre."

"Linauliza kama daktari amekubali?"

"Hapana. Linauliza kama… kama wako tayari."

"Ehe! Sikilizeni, wazee. Mtoto ni zawadi. Hakuna anayeidai zawadi, na hakuna anayelaumiwa kwa kutopewa. Anayeapa hali ameshaamua moyoni kwamba watoto hawataki kabisa, huyo ndiye anayeidanganya altare. Kutojaliwa kuzaa si kizuizi. Wala si sababu ya kuleta mke wa pili."

"Maneno matamu," Tata alisema. "Lakini nyumba bila mtoto ni nyumba gani?"

Padre alimwekea Asekenye mkono begani. "Mama, huyu je? Alikuja hapa lini?"

"Alikuwa na miezi minane," Tata alisema. "Alikuwa na surua. Mimi nilishasema hatapona."

"Nani aliyempeleka hospitali?"

"Akello." Sauti ya mwanamke mzee ilishuka. "Mvua ilikata njia, pikipiki hazikupita. Alimfunga mgongoni, akatembea hadi Tororo. Alikuwa bibi harusi wa miezi michache tu. Hakuna aliyemtuma."

Hakuna mzee aliyevuta mrija. Asekenye alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo. Alimkimbilia Akello, akamshika kiunoni, machozi yakamtoka. "Nisamehe, Mama mdogo. Nilitaka usiseme uongo."

"Ukweli uliokuwa nao ulikuwa nusu," Akello alimwambia kwa upole. "Nusu nyingine nilikuwa nayo mimi. Ungeniuliza kabla ya kuitangazia dunia siri yangu."

Tata Acom alichomoa mrija wake chunguni, akainuka. "Gauni liko wapi?" aliuliza kwa ukali. "Nililiona alipolijaribu. Linaburuzika chini. Nani atalipinda?"

Jumamosi iliyofuata kanisa lilijaa hadi madirishani. Ndugu wa Akello walivuka mpaka tangu alfajiri wakiwa na ngoma. Padre Ekaju aliwageukia maharusi. "Je, mko tayari kupokea kwa upendo watoto ambao Mungu atawajalia, na kuwalea katika imani?"

"NDIYO! TUKO TAYARI!" Akello na Olupot walijibu kwa nguvu hata kipaza sauti kikapiga yowe. Na aliyepiga kigelegele cha kwanza alikuwa Tata Acom, akafuatwa na kanisa zima, ngoma zikaitika, vumbi likatimka nje kama vile ng'ombe mia wamefunguliwa zizini!

Kelele zilipopungua, Padre alimwita Asekenye mbele, akamsimamisha katikati ya maharusi.

"Watoto, mtazameni mwenzenu," alisema. "Kusema kweli ni ushujaa, msiuache kamwe. Lakini siri ya mtu si yako kuitangaza. Muulize mwenyewe kwanza. Na mkikua, mkasimama mahali hapa, kumbukeni kwamba ndoa ni kuufungua moyo. Mungu ndiye anayejua atamleta nani, na kwa njia ipi. Nyumba hii iliufungua, na tazameni aliyeingia!"

Asekenye aliinua kichwa. Akello alimshika mkono wa kulia, Olupot wa kushoto, wakatoka wote watatu hadi kwenye jua.