Mgongo wa Mama Haungoji Simu

Watu wa mtaani walimwita fundi viatu Bwana Ngoja. Hakuwa mvivu, la. Ila hakuanza jambo mpaka aambiwe. Tangu baba yake afariki, mambo yote ya nyumbani aliyaamua kaka yake mkubwa, ingawa alifanya kazi mbali. Mlango upakwe rangi gani? Kaka aseme. Mtoto anakohoa? Kaka aseme kwanza.

Ndipo mama yao akapata kiharusi. Upande wa kulia ukafa ganzi, maneno yakampotea. Fundi na mkewe wakamlaza chali chumba cha mbele. Walimlisha uji, wakamsafisha. Kila jioni fundi alipiga magoti kando ya kitanda. "Bwana, nionyeshe la kufanya," aliomba, na machozi yalikuwa ya kweli. Kisha aliinuka, akarudi kwenye viatu vyake.

Asubuhi moja mkewe alikuwa akibadilisha shuka. Akashtuka.

"Baba watoto, njoo uone! Hapa mgongoni pamebadilika rangi."

"Ngoja kwanza. Nitamuuliza Kaka."

Simu ya Kaka haikupatikana. Kesho yake pia haikupatikana. Siku zikapita, na chumba kikaanza kutoa harufu. Mke akashindwa kuvumilia.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa imeshaumiza mgongo! Naenda kumwita muuguzi."

Muuguzi alikuwa jirani yao, tena walisali kanisa moja. Alimgeuza mama taratibu. Lo! Ngozi ilikuwa imefunguka, kidonda kimechimbika. Mama alifumba macho, chozi likamtiririkia sikioni. Fundi akageukia ukuta.

"Amelala chali hivi muda wote?" muuguzi aliuliza.

"Hatukutaka kumsumbua," fundi alijibu.

"Masikini! Mtu akilalia mahali pamoja, damu haipiti vizuri pale. Nyama inakufa kidogo kidogo. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, ubavu huu, kisha ule. Wekeni mto katikati ya magoti. Shuka iwe kavu, isiwe na mikunjo. Mkiona ngozi imebadilika rangi, msipasugue. Na uji peke yake hautoshi, mpeni mayai na maharage laini. Lakini kidonda hiki kimeshatushinda hapa. Aende kituo cha afya leo."

"Leo? Kaka hajapatikana! Nami kila siku namwomba Mungu anionyeshe..."

"Ameshakuonyesha, mwanangu. Amekupa mama mmoja na mikono miwili. Unataka akuongezee nini ndipo uanze? Imani si kukaa ukisubiri kusukumwa. Ukiona jema la kufanya, na nguvu unayo, basi umeshatumwa."

Fundi aliinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja sahani. Halafu akatoka, akafunga kibanda chake. Wateja wakalalamika.

"Leo viatu ndivyo vitakavyongoja," akawaambia, akaenda kutafuta gari.

Kituoni walikisafisha kidonda na kuondoa nyama iliyokufa. Mama aliguna kwa maumivu, na fundi alimshika mkono mpaka mwisho. Jioni Kaka, aliyekwisha kusikia habari, akapiga simu. Alikuwa mkali.

"Nani alikuruhusu kumhamisha mama?"

"Hakuna, Kaka. Mama alikuwa anaoza, nikampeleka."

Ukali ukamwisha Kaka. Kisha akasema, "Haya."

Tangu mama aliporudishwa nyumbani, fundi hakungoja kukumbushwa. Kila baada ya saa mbili aliacha nyundo, akanawa mikono, akaingia kumgeuza mama. Hata sala yake ilibadilika. "Bwana, nipe nguvu ya kufanya ninaloliona," aliomba.

Kidonda kilichelewa kupona, lakini kilifunga. Hakikutokea kingine. Mkono wa mama haukurudi, na kutembea hakutembea tena. Maneno ndiyo yaliyorudi, machache, ya kukokota.

Mchana mmoja fundi alipokuwa akimgeuza, mama alimshika kidole.

"Palikuwa panaungua," alisema kwa shida. "Nikawa nakutazama tu. Nasema... mwanangu ataona."

Fundi alitamani ardhi ipasuke. Angeweza kusema hakujua. Angeweza kumtaja Kaka.

"Niliona, mama," alisema huku akilia. "Niliona, nikangoja. Nisamehe."

Mama aliendelea kukishika kile kidole, na fundi kwa mkono wake mwingine akamwekea mto katikati ya magoti, akanyoosha shuka.