Samahani Baadaye

Wenzake kazini walimwita Samahani. Alikuwa mhudumu wa ndege, na neno hilo halikumwisha mdomoni. Akipita na toroli la chai, samahani. Akimwamsha abiria ale, samahani. Hata mlango akiugonga kwa bega, aliuomba radhi.

Asubuhi hiyo alikaa sebuleni akimtazama mama mkwe wake, fundi cherehani. Alikuwa anaishona sketi ya kazi ya Samahani, iliyochanika miezi minne iliyopita.

"Ijaribu, mwanangu," alisema mama mkwe. "Keshokutwa unarudi kazini."

Samahani aliishika sketi. Hakuivaa.

"Naogopa, mama."

Mama mkwe alisimamisha cherehani. Yeye pia aliogopa, ila alikuwa hajasema.

"Basi acha kazi hiyo."

"Kazi naipenda. Naogopa yasije yakanikuta tena ya siku ile."

Siku ile jua liliwaka na anga halikuwa na wingu hata moja. Samahani alikuwa anagawa chai. Mara ndege ikaanza kutikisika. Taa ya mikanda ilikuwa haijawaka, na rubani hakuwa amesema lolote. Samahani aliacha toroli, akakimbilia kiti chake cha kazi, nyuma kabisa. Hakufika. Ndege ilishuka ghafla, naye akarushwa juu. Kichwa kiligonga dari. Alipoanguka, kifundo cha mguu kilivunjika.

Hodi ilipigwa. Alikuwa jirani yao, mama mstaafu aliyefundisha wahudumu wa ndege miaka mingi. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona mmepoa hivi?"

Walimweleza. Mwalimu alivuta kiti.

"Hewa ina misukosuko yake," alisema. "Iliyo kwenye mawingu, mara nyingi rubani huiona kwenye mitambo. Iliyo kwenye anga safi haionekani. Ndiyo maana abiria huambiwa wafunge mkanda muda wote wakiwa wamekaa. Sasa niambie, pale uliposimama hapakuwa na kiti kitupu?"

Samahani aliinamisha kichwa. "Kilikuwepo. Pembeni yangu."

"Mbona hukukaa?"

"Kilikuwa cha abiria. Bwana mmoja alikuwa ameweka koti lake pale. Nikaona si adabu. Nikamwambia samahani, nikaondoka."

"Basi mguu wako ulivunjwa na adabu," alisema Mwalimu.

Alipanga viti vya jikoni mstari mmoja. Mama mkwe akafanywa abiria. Meza ndogo ikawa toroli.

"Ndege ikitikisika, funga breki ya toroli. Birika la moto liweke sakafuni. Kisha kaa hapo hapo, ufunge mkanda. Wakati huo kiti chako ni kile kilicho karibu. Viti vikiwa vimejaa, kaa sakafuni ushike miguu ya kiti kwa nguvu zako zote. Mtikisiko ukianza kwa ukali, achana na vyote, kaa kwanza."

"Na abiria akikasirika?"

"Utamwomba samahani baadaye, ukiwa mzima."

Mwalimu alipiga makofi. Hiyo ilikuwa ishara kwamba ndege imetikisika.

"Samahani," alisema Samahani, akabaki amesimama wima.

"Umeshavunjika. Tena."

Walirudia na kurudia. Mara ya saba, Samahani alijitupa sakafuni bila neno, akamkalia mama mkwe miguu.

"Kumbe mzito hivi," aliguna mama mkwe. "Na unavyoonekana mwembamba."

Siku ya safari, mama mkwe hakuweza kushona. Uzi ulimkatikia kila mara. Alikuwa akitazama juu tu.

Huko juu, viti vyote vilikuwa vimejaa. Samahani alikuwa katikati ya ndege, birika mkononi, sakafu ilipotetemeka. Miguu ilitaka kukimbilia nyuma. Neno lile lilimfika mdomoni, akalimeza. Alikanyaga breki, akaweka birika chini, akakaa sakafuni na kukumbatia mguu wa kiti.

Ndege ikashuka. Mwili wake uliinuka, mikono ikamshikilia. Mkono wa bibi mmoja ulimkamata ukosi na haukumwachia. Watu walilia. Samahani alifumba macho akingoja dari. Hakuigonga. Ndege ilipotulia, toroli lilikuwa palepale, naye alikuwa mzima.

Jioni, mama mkwe aliichukua sketi, akaipeleka dirishani. Aliigeuza huku na huku akitafuta palipochanika. Hakupaona. Aliona doa tu.

"Hii nini?"

"Kahawa ya bibi mmoja. Nilimkalia miguu."

"Ukamwambiaje?"

"Samahani."

Mama mkwe alishtuka, akamtazama mguu.

"Baadaye, mama," alisema Samahani. "Nilipokwisha kusimama."

Mama mkwe aliikumbatia ile sketi yenye doa, akaketi, akalia.