Boti ya Rayappan, Nafasi ya Watatu

Rayappan hakuwa na cheti cha ufundi. Hakuwa na mchoro wa karatasi, wala msumeno wa umeme, wala injini, wala babu aliyewahi kuunda chombo chenye tumbo. Kusoma kwenyewe alijifunza ukubwani, katika darasa la jioni la parokia. Na asubuhi ile, maili kumi kutoka pwani ya Kanyakumari, tanga limepasuka na maji yamemfika vifundoni, aligundua kwamba hakuwa hata na kata ya kukumbia maji.

"Shemeji!" aliita Siluvai, kaka wa mkewe, aliyekuwa ameng'ang'ania usukani. "Haya maji mbona hayatoki?"

"Yatatokaje? Hii ni boti!"

"Basi wewe uliyeiunda, iambie."

Hawakuwa wajinga. Kwa miaka thelathini walivua juu ya chelezo, magogo manne yaliyofungwa kamba. Pale wimbi hupanda, likapita katikati ya magogo na kwenda zake. Mtu wa chelezo hakumbi maji. Atayakumba kutoka wapi? Yeye hufunga kila kitu kisichukuliwe. Ndivyo walivyofanya alfajiri. Nyavu, makasia, dumu la maji ya kunywa, vyote vilifungwa barabara. Kata haikuwamo hata mawazoni.

Boti yenyewe Rayappan aliichora kwa mkaa kwenye sakafu ya kibanda cha samaki. Alikata mfano mdogo kwa bati la biskuti, akauweka uelee kwenye beseni la maji na kuupakia mawe mpaka ukapinduka. Akakata mwingine. Wa tano ulikataa kupinduka. Ndipo akashona mbao za plaiwudi kwa waya wa shaba na kuziba mishono kwa gundi na kitambaa. Aliipa pua ndefu ya kupanda mawimbi, na nafasi ya watu watatu.

Watatu, kwa sababu mwanawe Amirtham alikuwa kibarua kwenye meli za watu huko Veraval, mbali kaskazini, na chelezo lao lilibeba wawili tu. Kijana alikuwa ameandika: "Baba, siku boti yako itakapopigwa na bahari mbaya ikarudi, niandikie. Nitapanda treni."

Sasa bahari mbaya ilikuwa imefika.

Siluvai alivua kofia yake ya majani ya mvumo, akakumba mara tatu. Mara ya nne wimbi likaichukua. Rayappan akalitazama dumu.

"Kunywa," alisema.

"Sina kiu."

"Kunywa mpaka ushindwe, halafu nipe kisu."

Siluvai alielewa. "Na tusipoona nchi kavu leo?"

"Tukizama utakunywa mengi zaidi. Kunywa, bwana!"

Walipokezana dumu hadi matumbo yakauma. Yaliyobaki yalimwagika miguuni na kuchanganyika na chumvi. Rayappan alilipasua dumu ubavuni. Boti ikayumba, kisu kikamchana kiganja cha kushoto. Hakukitazama. Alikumba, akamwaga, akakumba, akamwaga, na maji yakawa mekundu kabla ya kuanza kupungua.

Mshono mmoja ukaanza kutoa machozi karibu na goti lake. Alirarua pindo la shuka alilojifunga kiunoni, akalisokomeza kwa ncha ya kisu, akalikandamiza kwa kisigino na kuendelea kukumba. Wimbi kubwa kuliko yote likaja. Pua ilisimama, ikasita, kisha boti nzima ikapanda na kushuka upande wa pili ikiwa imenyooka.

"Imepanda!" Siluvai alipiga kelele. "Shemeji, umeiona? Chelezo lingekuwa limeshatutupa!"

"Nimeiona. Shika usukani."

Mchana dhoruba ilitulia. Midomo yao ilikuwa imepasuka. Walitafuna wabichi samaki wawili pekee waliokuwa wamenasa wavuni, ili wapate unyevu wao.

"Unaona nini?" aliuliza Rayappan.

"Kilele cha mlima. Na mnara wa kanisa letu, kulia kwake."

"Basi tumesukumwa magharibi. Tupige kasia mpaka mnara ukae chini ya kilele, kisha tuingie moja kwa moja."

Walipiga kasia kwa muda wa saa tano, Rayappan kiganja kimefungwa kwa tambara. Mnara ulipokaa mahali pake waliigeuza pua, na mawimbi ya ufukweni yakawabeba hadi mchangani. Kijiji kizima kilikuwa pale. Lurdhammal, mke wa Rayappan, alifuta macho kwa upindo wa sari, akaweka mikono kiunoni.

"Mchana kutwa! Samaki wako wapi?"

"Tumeleta boti," alisema Rayappan.

Wanaume waliokuwa wakiicheka tangu ilipokuwa mkaa sakafuni waliizunguka, wakigonga mbavu zake kwa vidole.

Kesho yake aliketi na karatasi.

"Mwanangu Amirtham. Bahari mbaya imekuja na boti imerudi. Mshono mmoja ulivuja, nimeushona upya. Kosa kubwa lilikuwa letu, hatukubeba kata. Sasa zimo mbili. Nafasi yako iko mbele, karibu na pua."

"Mwambie ni mimi niliyeshika usukani," alisema Siluvai, mdomo umejaa wali.

"Andika barua yako."

"Sijui kuandika."

"Darasa ni Jumanne. Nitakupitia."

Rayappan alichukua punje chache kutoka sahani ya shemeji yake, akazisaga kwenye mkunjo wa bahasha, akaubana kwa kidole gumba mpaka ukashika. Kisha alitembea mwenyewe hadi barabarani, akaitumbukiza barua katika sanduku la posta.