Mara Tisa Nilikataa Kiraka cha Chiriku

"MZEE NUKTA AMEPITISHA."

Maneno matatu tu kwenye skrini, saa nne asubuhi, na mimi nikajimwagia chai yote mapajani!

Iliniunguza, jamani... lakini hata sikuruka. Nilibaki nimekodoa macho.

Mzee Nukta? Huyu huyu niliyemwamini kuliko ndugu wa damu? Anigeuke mchana kweupe?!

Ngoja niwaeleze, maana najua mtauliza huyu dada kazi yake ni nini hasa.

Kuna programu inaitwa kompaila. Inachukua maagizo aliyoandika mtu, inayageuza yawe lugha ya mashine. Basi. Mkielewa hapo mmemaliza.

Watu wanaleta marekebisho ili iende mbio zaidi. Rekebisho moja tunaliita kiraka. Mimi na Mzee Nukta tunakagua kisehemu kidogo sana, pale namba inapogeuzwa kuwa jibu la ndiyo au hapana.

Sheria yake ni fupi. Sifuri ni hapana. Kisichokuwa sifuri ni ndiyo. Moja ni ndiyo, mbili ni ndiyo, elfu sita ni ndiyo.

Miezi mitatu iliyopita akaja mtu anajiita Chiriku. Na kweli ni chiriku, maneno hayamwishi! Kiraka chake kilikuwa na kasi ya ajabu... ila kibovu. Mashine huandika mbili kama moja na sifuri. Chiriku alitazama tarakimu ya mwisho tu, akaona sifuri, akasema hapana.

Yaani moja inapita. Tatu inapita. Mbili inaambiwa haipo!

Mnaona ni kitu kidogo? Chiriku mwenyewe aliandika kwamba ni fundi wa lifti. Mlango wa lifti unahesabu watu walio katikati yake. Hakuna mtu, unafunga. Yupo mmoja, unasubiri. Wakiwa wawili... kwa kiraka hiki mlango unaona hakuna mtu. Unafunga. Nao wako katikati!

Nikakataa. Nikaandika ukurasa mzima kumwelewesha.

Akaleta tena. Kosa lile lile, limebadilishwa nguo tu. Nikakataa.

Mara ya tatu. Ya nne. Ya tano...

Kila mara naandika kurasa, kila mara anashukuru kwa adabu, anauliza maswali sita, halafu anamalizia:

"Umekula lakini?"

Mkaguzi gani anaulizwa kama amekula?! Nilicheka peke yangu. Kisha nikaenda kula, maana kweli nilikuwa sijala.

Niseme ukweli, kwa kuwa hapa hamnijui. Hiyo "umekula lakini" ndiyo ilikuwa salamu pekee iliyobaki kuingia kwangu.

Naishi peke yangu, chumba na sebule, ghorofa ya tatu. Mezani kuna viti vinne. Nakalia kimoja, vitatu vimejaa nguo za kupiga pasi. Kazi yangu yote iko kwenye kompyuta. Sokoni naonyesha kwa kidole, napokea mfuko, naondoka.

Asubuhi ile nilikuwa na siku kumi na moja sijasema neno na mtu. Najua ni kumi na moja kwa sababu nilizihesabu.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kike. Tulizaliwa wawili tu. Mama alipofariki, wiki ya pili yake nikamtumia meseji.

"Unahamia kwangu? Nijibu ndiyo au hapana."

Akakaa siku nzima. Halafu akajibu:

"Dada, niache kwanza nilie."

Nilimaindi! Mimi nimekufungulia mlango wangu, wewe unaniambia nikuache? Sawa. Nimekuacha. Nikamzuia kwenye simu. Nikamzuia kwenye kila mtandao. Akahama alipokuwa akiishi, sikuuliza alikokwenda wala kazi aliyopata.

Miaka miwili! Nyie, kiburi nilichokuwa nacho kingepandisha lifti bila umeme.

Kwa hiyo mnielewe. Nilibakiwa na kazi hii tu, mahali pekee ambapo nikinyamaza kuna mtu anashtuka. Na mwenzangu kwenye kazi hii ni Mzee Nukta, miaka sita sasa, hatujawahi kusikiana sauti. Tunamwita hivyo kwa sababu kila anachoandika anakifunga kwa nukta. "Salama." "Sawa." "Pole."

Leo huyo ndiye anapitisha kiraka cha tisa cha Chiriku, kitu cha kubana watu mlangoni?

Nikamwandikia papo hapo.

"Mzee, umebonyeza kwa bahati mbaya?"

"Hapana."

"Umekisoma?"

"Mara tatu."

"Umeona mbili inavyogeuka kuwa hapana?!"

"Nimeona."

"Sasa umepitishaje?!"

"Kama unapinga, pinga."

Na nukta yake juu!

Presha ikapanda. Kanuni yetu inasema mmoja akipitisha na mwenzake akanyamaza siku nzima, kiraka kinaingia. Mwenzake akipinga, wakaguzi wote wawili na mwenye kiraka wanaongea siku hiyo hiyo. Kwa sauti. Zamani watu walikuwa wanatukanana sana kwa maandishi, ndipo kanuni ikawekwa, maana mtu ukimsikia sauti matusi yanapungua.

Sisi hatukuwahi kuitumia. Miaka sita hatujapingana hata mara moja.

Sasa nikipinga, lazima niongee. Na kuongea kwenyewe... nilishasahau kunaanzia wapi.

Dakika ishirini kidole kiko juu ya kitufe. Nikawawaza watu wawili nisiowajua, wanaingia kwenye lifti wameshikana mikono, wanapiga stori zao.

Nikabonyeza. NAPINGA.

"Saa tisa alasiri," akaandika. "Usikose."

Saa nane na nusu nilisimama mbele ya jokofu, nikajaribu sauti.

"Habari za mchana."

Ikatoka inakwaruza. Nikanywa maji.

"Habari za mchana, wenzangu."

Jokofu likaendelea kunguruma zake. Nikaanza kuondoa nguo kwenye viti, sijui hata kwa nini, maana mkutano wenyewe hauna picha!

Saa tisa kamili nikaingia mkutanoni kwa simu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti." Sauti nyembamba, ya mtu anayecheka kirahisi. Sikuitegemea kabisa. "Kumbe unasema!"

"Chiriku yupo?"

Nikasikia mtu anapumua. Nyuma yake kuna mtoto mdogo anagonga kijiko kwenye sahani.

Nikaanza, kwa ule ukali niliokuwa nimeuandaa.

"Chiriku, mara tisa nimekueleza. Mtu akikupa mbili hajakupa sifuri. Huwezi kumgeuza awe hapana eti kwa sababu hakukupa moja. Unanisikia?"

"Nakusikia... dada."

Dada?!

Watu wengi huniita dada. Muuza duka ananiita dada. Lakini kuvuta pumzi kabla ya kulitamka, namna ile... anayefanya hivyo ni mmoja tu duniani.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Umefikaje huku?!"

"Ulinizuia kwenye simu. Ukanizuia kila mahali. Nimekuja mpaka mlangoni kwako mara mbili, nikasikia uko ndani, nikaogopa kubisha. Hapa tu ndipo ulishindwa kunifungia, dada. Hapa ni lazima unijibu."

Nikakaa chini. Sikumbuki nilisimama saa ngapi.

"Na hiki kiraka? Fundi mzima wa lifti, hujui mbili?!"

Akacheka huku analia.

"Kizuri ninacho tangu siku ya kwanza. Kiko kwenye kompyuta yangu. Lakini nilipitia kazi zako za nyuma zote nikakujua. Mtu akileta kiraka kizuri unamwandikia 'Sawa', imeisha, anaondoka. Akileta kibovu unamwandikia kurasa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nilitaka kurasa, dada."

Jamani...

Mzee Nukta akakohoa.

"Wiki iliyopita aliniandikia, akanieleza yote, anataka kukata tamaa. Mimi nikaona wewe kwa maandishi hutoki. Ila nilijua utapinga. Watu wabanwe mlangoni wewe ukiwa umekaa? Thubutu!"

"Na ningenyamaza, Mzee?"

"Ningefuta kupitisha kwangu kabla ya siku kuisha. Mimi mzee, sio kichaa. Haya, nawaacha."

Akatoka. Tukabaki sisi. Kijiko kinagonga.

Na mimi na kiburi changu, badala ya kumwambia nimekukumbuka, mnajua nilisema nini?

"Mbona siku ile ulinikatalia?"

"Nilikukatalia lini?"

"Nilipokuuliza kuhamia."

"Dada... nilikuambia niache kwanza nilie. Hiyo ni hapana?"

Miezi mitatu nimemfokea mtu kurasa kwa kurasa kwa kosa hilo hilo, na dakika tano nyuma nimemfokea tena. Kumbe mwenye kosa ni mimi. Jibu halikuwa moja, nikaliandika sifuri, nikafunga mlango.

"Na kulikuwa na kingine," akasema taratibu. "Nilikuwa na mimba ya miezi mitatu. Mama alikuwa anajua, wewe bado. Uliniuliza kama nitahamia, na mimi nilikuwa natafuta nguvu ya kukuambia kwamba tutakuja wawili."

Wawili!

Nikakumbuka kiraka. Moja inapita, tatu inapita.

"Huyo anayegonga..."

"Binti yako huyo. Ana mwaka na nusu. Nina picha yako moja iko ukutani, anaiita mama mkubwa, anaipa uji. Picha yote imeganda uji."

Nililia. Si kile kilio cha machozi mawili matatu, hapana! Nililia kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta. Miaka miwili ananijua kwa ukimya, leo amepata kazi.

"Njooni," nikasema.

Ndiyo au hapana ikanijia mdomoni. Nikaimeza.

Akanyamaza kidogo. Nikamwacha anyamaze. Nilikaa pale na simu sikioni, nasikiliza kijiko.

"Umekula lakini?" akauliza.

"Sijala."

"Basi tunakuja tule wote."

Jengo letu halina lifti, fikirieni! Fundi wa lifti alipanda ngazi ghorofa tatu, mtoto mgongoni, anahema na kunisema kuanzia ngazi ya kwanza. Kabla hajafika nilishafungua mlango.

Kesho yake akaleta kiraka cha kumi, kile kizuri. Nikakijaribu kwa sifuri, kwa moja, kwa mbili. Kinakwenda, na mbio zake zipo. Mzee Nukta akaandika, "Safi." Mimi ningeandika "Sawa" nikafunga. Safari hii nikaandika kurasa mbili, na zote ni sifa.

Sasa wewe unayenisoma, najua kuna mtu ulimuuliza swali ukiwa na haraka zako, ukataka ndiyo au hapana, naye akakujibu kitu kingine. Ukanuna. Ukamfungia. Nakuomba rudi ukalisome tena lile jibu lake, polepole. Mimi sikulisoma, likanigharimu miaka miwili, na meno ya kwanza ya mtoto sikuyaona.

Naandika haya hapa mezani. Nguo za kupiga pasi ziko kitandani. Kwenye kiti kimoja nimeweka mito miwili, maana mwenyewe hafiki mezani, na amenishikia kijiko ananisubiri nimalize.